Medali ya setla wa kahawa: fedha ni halali, hadithi ni ya dukani

Duka moja la vitu vya kale katikati ya mji wa Arusha linauza medali ya fedha ya zawadi ya kilimo, ya mwaka 1936, ikiwa ndani ya kiboksi chake. Inauzwa pamoja na cheti cha ukurasa mmoja kinachodai kwamba aliyetunukiwa ni mwenye shamba wa enzi ya Waingereza "aliyeleta kahawa Kilimanjaro". Bei ya kuanzia ni shilingi 1,400,000, na kwa mnunuzi anayejua anachokishika hushuka hadi 950,000. Medali yenyewe ni nzuri. Cheti hakifai hata kufungia maandazi, na sehemu kubwa ya bei hiyo inalipia cheti.

Kipenyo chake ni milimita 51, ukingo una unene wa milimita 4, uzito gramu 62.2. Upande wa mbele kuna fahali, kondoo wawili, mganda wa ngano na plau. Nyuma kuna shada la majani limezunguka uwanja mtupu, na ndani ya uwanja huo fundi amechonga kwa mkono mistari minne ya Kiingereza: zawadi ya kwanza; kahawa; cheo cha kapteni, herufi mbili na jina la ukoo; na mwaka. Jina hilo hatuliandiki hapa. Likishatajwa tu, mwezi ujao zitaonekana medali tatu zenye jina lile lile, zote "za asili".

Mnunuzi makini atauliza: kondoo na ngano wanafanya nini kwenye zawadi ya kahawa? Jibu lake halina siri. Viwanda vya medali vya Birmingham na London viliuza medali za namna hii kwa katalogi. Upande wa mbele ulipigwa kwa kalibu ya jumla, wa nyuma ukaachwa wazi, na chama chochote cha kilimo, kiwe cha Scotland au New Zealand, kiliweza kuagiza kisha kumpa fundi wa kwao achonge jina la mshindi. Ni medali ya rafuni, na hilo si kosa. Kinachopunguza thamani ni kwamba huyu aliyechonga hakuandika jina la maonyesho wala la mji. Kwa hiyo hakuna herufi hata moja juu ya medali hii inayosema Arusha, Moshi au Tanganyika. Hayo yote yametoka kwenye cheti.

Alama za fedha zipo ukingoni, upande wa chini. Zinasomeka vizuri kwa lenzi ya kukuza mara 10, ile ile wanayotembea nayo mabroka wa tanzanite. Zipo tano: herufi za mtengenezaji, nanga, simba anayetembea, herufi ya mwaka, na vichwa viwili vya watu vilivyotazama upande mmoja. Nanga ni ofisi ya upimaji ya Birmingham. Ingekuwa kichwa cha chui ingekuwa London, na taji, kwa miaka hiyo, Sheffield. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya kiwango cha 925 kwa 1,000. Herufi ya mwaka haisomwi peke yake, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa herufi na umbo la fremu yake. Birmingham enzi hizo ilibadilisha herufi mwezi Julai, si Januari.

Vichwa viwili ndivyo vinavyoifanya medali hii ipendeze kuikagua. Cheti kinasema ni "Malkia Victoria na mumewe". Malkia Victoria alifariki 1901, na mumewe Albert alimtangulia kwa miaka 39. Hao ni Mfalme George wa Tano na Malkia Mary, na alama hiyo ilipigwa kwa hiari kwenye fedha ya Uingereza katikati ya miaka ya 1930, kuadhimisha miaka 25 ya ufalme iliyotimia 1935. Haikudumu. Ni kama medali imejipiga muhuri wa umri wake, na unakubaliana na mwaka 1936 uliochongwa nyuma. Mwenye duka anacho kithibitisho kizuri kuliko vyote mkononi, na karatasi yake imekiharibu. Ukiona kichwa kimoja tu cha mfalme au malkia kwenye kitu kingine cha fedha cha Kiingereza, hiyo kwa kawaida ni alama ya ushuru, na ushuru huo ulifutwa 1890.

Tazama pia jinsi alama zilivyokaa. Zilizopigwa kwa nyundo moja moja huwa hazilingani kabisa: moja imezama zaidi, nyingine imeinama kidogo, na chuma kimevimba pembeni mwa kila fremu. Kwenye nakala ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu iliyofinyangwa kutoka medali halisi, alama zote zina kina kimoja na ukungu mmoja, vitundu vidogo kama ncha za sindano vimetapakaa uwanjani, na ukingoni kuna mstari uliopigwa tupa. Nakala ya kusubu pia husinyaa inapopoa, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 2. Medali ya milimita 51 ikikupa 50.2 kwenye kalipa, rudisha kabatini. Hii imetoa 51.0 mahali pote ilipopimwa.

Kumaliza ubishi wa fedha au si fedha, kipimo cha maji kinatosha, na hakiachi kovu. Pima medali kavu kwenye mizani inayosoma hadi 0.01 ya gramu: hii ni 62.20. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza medali kwa uzi mwembamba wa nailoni izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa: 6.01. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate 10.35. Fedha ya 925 ni takriban 10.36. Fedha ya 800, waliyoipenda sana Wajerumani, ingetoa karibu 10.1. Aloi ya shaba, nikeli na zinki iliyopakwa fedha juu ingetoa 8.7 hivi, na medali ya ukubwa huu ingekuwa na gramu 52 tu.

Kipimo hiki huharibika kwa sababu tatu. Viputo vya hewa hunasa chini ya shada na kwenye herufi, maji yaliyosukumwa yanaonekana mengi kuliko yalivyo, na fedha safi inasomeka kama bandia. Chemsha maji kwanza yapoe, weka tone moja la sabuni ya maji, itikise medali ikiwa ndani. Medali ikigusa kitako cha bilauri, mizani itabeba medali yenyewe na namba itaruka. Na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kabisa. Ya 0.1 inaweza kutenganisha fedha na aloi ya nikeli, ila haitakuambia kama ni 925 au 800, kwa sababu kosa la 0.1 hapo linayumbisha jibu kati ya 10.2 na 10.5.

Wengine hukimbilia kwa sonara akasugue kwenye jiwe na kutia tindikali. Sonara hana ubaya, kazi yake ni pete na mikufu, lakini jiwe linakula ukingo, na ukingo ndiko kwenye alama. Mbaya zaidi, wengi wao kwa nia njema kabisa watakuuliza kama wakung'arishie. Sema hapana kabla hawajainyoosha mikono.

Maandishi ya nyuma tumeyakagua kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu utapeli wa medali za makoloni hauko kwenye fedha, uko kwenye jina. Medali halisi isiyo na jina, au yenye jina la mfugaji wa kondoo wa Yorkshire asiyejulikana, hukwanguliwa na kuchongwa upya jina la setla wa Afrika Mashariki. Mfano wa jina linaloweza kupandisha bei namna hiyo ni Lord Delamere wa Kenya, aliyepewa ekari 100,000 Njoro mwaka 1903, akapoteza mifugo kwa maradhi na ngano kwa kutu kabla mambo hayajamnyookea. Ukikutana na medali yenye jina la aina hiyo kwenye kabati la Arusha bila hata barua moja ya kuisindikiza, anza kwa kudhani ni ya uongo.

Dalili za kukwangua ni hizi. Weka ukingo wa rula ya chuma juu ya uwanja, uelekeze kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita katikati na pembeni haupiti, kuna chuma kilichoondolewa. Pima unene wa uwanja sehemu kadhaa. Ipulizie pumzi ya mdomo. Ukungu ukitanda, mara nyingine herufi za zamani hujitokeza kwa sekunde mbili tatu kisha zinapotea. Mwisho, angalia ndani ya mifereji ya herufi. Mchongo wa zamani una weusi uliotulia chini ya mfereji, na kingo zake zimelainika sawasawa na sehemu nyingine za uwanja. Mchongo mpya unang'aa ndani, una kingo kali zinazokwaruza ukucha, na mara nyingi umekata katikati ya mikwaruzo ya zamani badala ya mikwaruzo kupita juu yake.

Hii imefaulu. Uwanja uko sawa, weusi upo, na kuna mkwaruzo mmoja mrefu unaoanzia kwenye shada, unapita juu ya herufi ya pili ya jina na kuishia kwenye tarakimu 6 ya mwaka. Jina lilikuwepo kabla ya mkwaruzo.

Kasoro zake ni tatu, na duka halitaji hata moja. Juu kabisa ya ukingo kuna doa la lehemu la kijivu, upana wa milimita 5 hivi, lililosawazishwa kwa tupa: mtu aliwahi kuibandika pete aivae kama kidani, kisha ikang'olewa. Usijaribu kuliondoa, joto litabadilisha rangi ya eneo lote. Ya pili, imesuguliwa kwa Brasso au dawa ya namna hiyo, tena si mara moja. Pembe la fahali na nyonga yake vimekuwa bapa, na unga mweupe umeganda kwenye manyoya ya kondoo. Unga unatoka kwa kijiti cha meno cha mti na maji yaliyochujwa, taratibu, pembe haitarudi. Ya tatu ni bonde dogo ukingoni, kulia, la kuanguka kwenye sakafu. Hilo halitunyimi usingizi.

Kiboksi ni cha kwake kweli, maana tundu la mahameli lina milimita 51 na alama ya medali imejikandamiza humo. Bawaba ni nzima, satini ya kifuniko imechanika kona moja. Lakini chini ya mahameli kuna mtu kaweka sponji mpya ya godoro ili medali ikae juu. Sponji na gundi yake vinaweza kutoa gesi zenye kuila fedha, na tayari upande uliolalia hapo umeanza kuwa na utando wa bluu na kahawia. Ukinunua, kitu cha kwanza ni kuitoa sponji hiyo, siku hiyo hiyo.

Sasa huyu mwenye shamba. Cheti kinamtaja kama lodi, mwanzilishi wa kahawa, aliyepewa ardhi na mfalme. Lodi hayupo, medali inasema kapteni, cheo walichobaki nacho maofisa wengi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kahawa ya Kilimanjaro ilianzia kwenye misheni ya Wakatoliki ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, Wajerumani wakiwa ndio watawala. Hadi kufika 1936 Wachagga walikuwa wameshaunda chama chao cha wakulima wa kahawa 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilikuwa na miaka mitatu. Walowezi wa miaka hiyo walilalamikia kahawa ya Waafrika, wakisema italeta wadudu na wizi. Kilichowauma zaidi ni vibarua waliopata mashamba yao wenyewe. Kumwita mmoja wao mleta kahawa ni kugeuza habari miguu juu.

Kuhusu ardhi, sheria ya ardhi ya Tanganyika ya 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana, na mgeni alipata haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mashamba mengi ya Waingereza na Wagiriki yaliyozunguka Meru na Kilimanjaro yalikuwa ya Wajerumani, yakachukuliwa kama mali ya adui na kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya Wajerumani yalikuwa ya Wameru, Waarusha na Wachagga, ambao cheti hakiwataji kabisa. Msomaji wa Arusha hahitaji kukumbushwa Engare Nanyuki, ambako Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu 1951 ili kupisha mashamba ya walowezi, na Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa 1952 kuyasema. Medali ya zawadi ya kwanza inasema kahawa ilikuwa nzuri. Haisemi nani aliipalilia, aliichuma na kuianika, na sisi tungelipa zaidi kwa daftari la mishahara la shamba hilo kuliko kwa medali yake.

Jina linaweza kuthibitishwa, na duka halijajaribu. Anza na Gazeti la Serikali la Tanganyika la miaka ya 1920 na 1930, kwenye matangazo ya mirathi, ufilisi na ardhi. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya enzi hiyo. Kwa cheo cha kijeshi, kadi za medali za Vita vya Kwanza zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na zinatafutika kwa jina. Linganisha herufi za mwanzo za majina, si jina la ukoo pekee. Hapo ndipo watu hukosea, wanapata kapteni mwenye jina hilo Afrika Kusini wanafurahi. Ukimpata kapteni huyo akiwa na shamba la kahawa kaskazini mwa Tanganyika kabla au karibu na 1936, medali imepata nyumba. Usipompata, una medali ya kahawa ya mahali pasipojulikana, na kahawa ililimwa pia Kenya na kwingine chini ya bendera hiyo hiyo.

Bei, basi, ipigiwe hesabu kuanzia chini. Gramu 62.2 mara 0.925 ni gramu 57.5 za fedha tupu, sawa na aunsi 1.85 za kupimia madini. Zidisha kwa bei ya fedha ya dunia ya siku hiyo na kwa kiwango cha dola. Kwa medali ya rafuni yenye jina, kiboksi na alama kamili, lakini yenye lehemu na iliyosuguliwa, sisi tungelipa hadi mara mbili ya jibu hilo. Jina likithibitishwa kwa nyaraka, mara tatu. Hadithi ya mdomo haiongezi hata mia. Muuzaji akisema Wazungu wa safari wanailipa zaidi, huenda ni kweli, mwachie hao.

Huduma ya duka ni ya wastani. Wahudumu wana adabu, wanaruhusu kupima kwa mizani yako mwenyewe na hawana haraka. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inatoka ukiiomba; usipoomba utapewa ya kuandikwa kwa mkono, yenye neno "medali" na bei. Dai iandikwe kipenyo, uzito, alama za ukingoni na maneno yaliyochongwa. Karatasi hiyo fupi itakusaidia siku ya kuuza kuliko cheti chenye utepe wa dhahabu, ambacho hakitaji hata uzito.

Kuitunza Arusha si kazi ngumu. Shika ukingo kwa vidole vikavu au glavu za pamba. Usitumie dawa ya meno, majivu na ndimu, wala magadi soda na foili. Hiyo ya mwisho inang'arisha haraka na inatoa hata weusi wa ndani ya herufi, yaani ule ule ushahidi kwamba jina ni la zamani. Mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia la bafuni ni ya PVC, huacha utelezi wa kijani. Tumia karatasi isiyo na asidi, na kipakiti cha silika pembeni, kinachobadilishwa au kukaushwa masika yakianza mwezi Machi. Anayetaka kuisafirisha nje ya nchi aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale kama kitu hiki kinahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, asisubiri kuulizwa na forodha pale uwanja wa ndege wa KIA.

Kwenye kabati hilo hilo ipo medali nyingine, kubwa zaidi, inayong'aa kama kioo, yenye maneno ya Kijerumani kwamba ni ya mshindi wa maonyesho ya Dar es Salaam, Agosti 1914, na namba 999 ukingoni, yaani fedha ya 999 kwa 1,000. Inauzwa shilingi 2,000,000. Maonyesho hayo yalipangwa kweli, vita vikaanza mwanzoni mwa mwezi huo huo na hayakufanyika. Hakuna mshindi.